Mashini ya wakati na dharau: tundu ni moja, si mawili



Leo tuache kidogo mambo ya kazi na mishahara, tuongee vitabu. Kwenye mkutano wetu wa mwisho kulitokea ubishi mzuri. Mdogo wetu mmoja anayefundisha Kifaransa kwenye sekondari aliuliza: "Mukubwa, juu ya nini tuendelee kusomesha watoto ile buku ya Wells, na mule ndani wametutukana?" Mukubwa mmoja akamjibu: "Mudogo yangu, usipime watu wa zamani na mita ya leo. Ukianza kutupa vitabu vile, utamaliza bibliotheki nzima." Kila mtu akabaki na yake, chai ikaletwa, tukaachia pale.

Mimi nilirudi nyumbani, nikasoma upya. Si Wells peke yake, hata wengine walioandika hadithi za kusafiri katika wakati. Na nimeona kwamba wote wawili wanakosea mahali pamoja. Wote wanafikiri kuko vitu viwili: upande mmoja hadithi yenyewe, na ufundi na mantiki yake, upande mwingine mawazo mabaya ya zamani, yaliyokaa juu yake kama vumbi. Mmoja anataka tutupe kiti juu ya vumbi. Mwingine anasema tupanguse, tukalie.

Naona haiko vile. Katika hizi hadithi, mahali ambapo msafiri anadharau watu anaowakuta, ni palepale ambapo hadithi inatoboka. Ukitafuta kosa la mantiki utakuta dharau imekaa karibu, na ukifuata dharau utafika kwenye kosa la mantiki. Nieleze kwa mifano.

Mtu wa Afrika ya Kati huko London

La Machine à explorer le temps ilitoka mwaka 1895. Kwa waliosahau: mtu mmoja wa London, ambaye hatupewi hata jina lake, anajenga mashini, anaikalia, anafika mwaka 802 701. Kule anakuta watu wa aina mbili. Juu ya ardhi wanaishi Eloi, wadogo, wazuri, wanaokula matunda na kucheza siku nzima. Chini ya ardhi wanaishi Morlock, weupe kama kitu kilichokaa gizani, nao ndio wenye mashini. Usiku Morlock wanapanda juu, na Msafiri anafikia kuamini kwamba wanakula Eloi. Anakaa siku nane, anapigana, anarudi kwao na maua mawili mfukoni.

Sasa ile sehemu iliyomuuma mdogo wetu. Msafiri anakubali kwamba kuko mambo mengi hakuyaelewa kule: vile visima, ile minara, namna wale watu wanavyosafiri. Halafu anatoa mfano: mfikirie mtu mweusi aliyetoka juzi Afrika ya Kati, akiwa London. Atawaeleza nini watu wa kabila lake akirudi? Atajua nini juu ya kampuni za reli, simu na posta? Wandugu, Afrika ya Kati ni sisi.

Lakini tusome mpaka mwisho, juu haki ni haki. Wells hatumii ule mfano kusema kwamba Msafiri ana akili na mweusi hana. Anautumia kukiri kwamba Msafiri naye ni mjinga mbele ya ule ulimwengu. Tena anaongeza kwamba umbali kati ya mweusi na mweupe wa siku zile ni mdogo sana, ukiulinganisha na umbali kati yake na wale watu wa mbele. Mwingereza kuandika vile mwaka 1895, miaka kumi tu baada ya mkutano wa Berlin, si kitu kidogo. Mukubwa wetu hakukosea pale.

Basi dharau iko wapi? Iko katika hili: Wells anamtumia yule mtu kama kipimo, bila kumtafuta. Na mtu wa namna ile alikuwepo. Toka 1891 mpaka 1895, Amur bin Nasur, mtu wa Unguja, alikuwa anafundisha Kiswahili Berlin, na aliacha simulizi la aliyoyaona kule. Mwaka 1896, Salim bin Abakari alifuatana na Mjerumani mmoja mpaka Urusi na Siberia, akasimulia safari yake kwa Kiswahili. Mwaka 1901 Carl Velten akaichapisha pamoja na safari za wengine. Hawa hawakuwa watu wa Kongo, lakini lugha waliyosimulia nayo ndiyo hii ninayowaandikia. Swali la Wells, kwamba yule mtu atawaeleza nini wenzake, lilikuwa linajibiwa palepale alipokuwa analiuliza. Na watu wa Kongo? Mwaka 1897 Leopold II alileta 267 kwenye maonyesho ya Tervuren, akawajengea vijiji ili Wabelgiji waje kuwatazama. Saba walikufa, makaburi yao yako kule mpaka leo. Wao nao waliona Ulaya. Lakini habari zao nyingi tulizonazo zinatoka kwa waliowaleta na kwa waliokwenda kuwatazama.

Nani alipaka mafuta?

Mpaka hapa mukubwa anaweza kusema: sawa, ni sentensi moja, hadithi iko salama. Hapana bwana, haiko salama. Tuangalie Morlock.

Msafiri amekaa kule siku nane tu. Lugha ya Eloi ameokota maneno machache, na ameamua kwamba ni lugha nyepesi isiyo na mawazo makubwa. Ya Morlock hakujifunza hata neno. Na kwamba wanakula watu, ushahidi wake ni nini? Alishuka kisimani mara moja, akaona nyama kwenye meza kwa mwanga wa kibiriti. Yaliyobaki alijaza mwenyewe. Sisi tuliosoma taarifa za wasafiri wa Ulaya kuhusu bonde la Kongo, ile namna tunaijua: siku chache kijijini, lugha hujui, mfupa umeonekana karibu na moto, na kitabu kinatoka kuwaambia watu wa Ulaya kwamba kabila zima linakula watu.

Wells ni fundi, na ametuachia alama ndani ya hadithi yake mwenyewe. Msafiri alipoipata tena mashini yake, ambayo Morlock walikuwa wameificha, alishangaa: imesafishwa vizuri na kupakwa mafuta. Tena anahisi kwamba waliifungua sehemu fulani ili kujua ni kitu cha kazi gani.

Simameni hapo kidogo. Katika mwaka ule wote wa 802 701, ni nani aliyeona mashini ya mgeni akataka kuielewa? Eloi hawakuigusa. Ni Morlock. Ni wao mafundi wa ule ulimwengu, ni wao wanaowavalisha Eloi. Kama kuko mtu kule ambaye Msafiri, fundi mwenzake, angeweza kukaa naye na kuongea, ni hao. Lakini yeye amekwisha kuamua kwamba ni wanyama wabaya. Anashika chuma mkononi na kutamani kuwavunja vichwa, na msichana wa Eloi aliyempenda, Weena, anapotea katika moto aliouwasha yeye mwenyewe porini.

Msomaji mwenye haraka ataita hili tundu la hadithi: kama Morlock ni wanyama, waliwezaje kufungua mashini na kuifunga tena bila kuiharibu? Mimi nasema tundu ni la Msafiri. Amewadharau, ndiyo maana hakuweza kuona kitu kilichokuwa mbele ya macho yake. Na sijui kama Wells alilijua tundu hili au lilimponyoka. Katika mambo mengine ana uangalifu sana: mashini inaporudi London inatua upande mwingine wa chumba, kwa umbali uleule ambao Morlock walikuwa wameisogeza kule mbele. Mtu anayepima hatua za mashini namna ile, alishindwaje kuwapima walioisogeza?

Kipepeo na neno letu

Twende kwa Bradbury. Un coup de tonnerre ni hadithi fupi ya 1952, na hata asiyeisoma anaijua: ni ile ya kipepeo. Mwaka 2055 kuko kampuni inayouza uwindaji wa zamani. Unalipa dola 10 000, wanakurudisha nyuma miaka zaidi ya milioni 60, unapiga dinozori risasi. Mnyama anachaguliwa mbele ya wakati: ni yule ambaye hata hivyo angekufa dakika ileile, wanamwekea alama ya rangi nyekundu. Unatembea juu ya njia ya chuma inayoelea hewani, na usiikanyage nchi. Mwindaji mmoja, Eckels, anaogopa, anatoka njiani, anakanyaga kipepeo. Wanaporudi, maandishi ukutani yameandikwa kwa herufi za ajabu, na katika uchaguzi wa rais aliyeshinda sasa ni yule mdikteta aliyekuwa ameshindwa.

Tundu liko wazi, wanafunzi wanaliona mara moja. Kiongozi wa safari alikuwa ameeleza vizuri sana: ukiua panya mmoja, mbweha watakosa chakula, na wanaokula mbweha vilevile, mpaka mtu mmoja wa mapangoni atakufa njaa, na pamoja naye taifa zima ambalo lingetoka kwake. Sawa. Basi ukiua kipepeo, milioni 60 za miaka zikipita, utakuta nini? Kwa mantiki yake mwenyewe usingemkuta mtu. Lakini Eckels anakuta kampuni ileile, ofisi ileile, mtu yuleyule nyuma ya meza, wanasiasa wawili walewale. Kilichoharibika ni namna ya kuandika na matokeo ya kura.

Juu ya nini? Angalieni mambo ambayo kiongozi anaogopa kuyapoteza: Roma, malkia Elizabeth, Washington kuvuka mto wake, Marekani yenyewe. Bradbury anaweza kufikiria dinozori mpaka meno yake. Hawezi kufikiria dunia ambamo nchi yake haikuzaliwa kabisa. Kwake miaka milioni 60 ni barabara moja inayofika mlangoni kwake. Ukiitikisa, nyumba inapasuka ufa kidogo, lakini nyumba ni ileile.

Na Afrika? Katika ule mnyororo haimo, ingawa Darwin alikwisha kusema mwaka 1871 kwamba huenda mtu wa kwanza alitokea huku kwetu. Inatajwa mahali pengine. Eckels, akiwa amefurahi, anaona kwamba mbele ya uwindaji huu Afrika imekuwa mahali pa kawaida tu, kama jimbo moja la kwao Marekani. Basi. Afrika ni mahali pa kupiga risasi.

Hata jina la kampuni, wandugu, liko na neno letu: Safari. Kwetu safari ni mwendo wowote, wa kwenda kilioni Kindu au kuleta bidhaa Kasumbalesa. Mdomoni mwa wawindaji neno lilipungua mpaka likabaki bunduki na hema. Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, alifanya ile ya kwake mwaka 1909 na 1910; yeye na mtoto wake walipiga wanyama 512, na alifika mpaka Lado, upande wa kushoto wa mto Nile, nchi iliyokuwa bado mkononi mwa Wabelgiji, kutafuta kifaru mweupe. Nyuma yake walitembea mamia ya wapagazi.

Sasa tafuta mpagazi katika hadithi ya Bradbury. Kuko kiongozi, msaidizi wake na wawindaji watatu. Mpagazi hayuko. Mwandishi amechukua safari ya kikoloni nzima, bunduki, mteja tajiri, mwoga anayemwaibisha kiongozi, lakini amewaondoa watu waliokuwa wanaibeba. Mahali pao ameweka njia ya chuma inayoelea hewani. Ni fikra nzuri mno, kwa yule anayelipa: nchi unayoweza kuiwinda bila kuigusa na bila mtu wa kule kukuona. Na hadithi inavunjika kwa sababu nchi ya namna ile haipo.

Nisieleweke vibaya. Ile hadithi naipenda, na ule mwisho unanishtua kila nikiusoma. Lakini nasema kinachoshtua kingekuwa kikubwa mara mia kama Eckels angerudi akakuta dunia yenye watu wengine kabisa, wanaoishi vizuri, ambao hawajawahi kumhitaji.

Mwenye kuzima jua

Mark Twain nitampitia haraka. Katika Un Yankee à la cour du roi Arthur, ya 1889, fundi wa kiwanda cha silaha cha Connecticut anapigwa kichwani, anaamka Uingereza mwaka 528. Wanataka kumchoma moto. Anakumbuka kwamba jua litapatwa tarehe 21 Juni, anawatisha kwamba atalizima, jua linapatwa kweli, na mfalme anampa cheo.

Ni nani anayekumbuka kwa kichwa tarehe ya kupatwa kwa jua kwa miaka 1300 iliyopita? Tena Hank anawasikia wale watu na wao wanamsikia, wakati lugha anayoongea ilikuwa bado haijazaliwa katika nchi ile. Haya yote tungeyasamehe, kitabu ni cha kuchekesha. Lakini kitu kinachoyashikilia ni kwamba wale watu wanatazamwa kama watoto. Hank anawaita Wahindi weupe, yaani anachukua dharau aliyokuwa nayo kwa wenyeji wa Marekani, anaipakaza rangi nyeupe. Ule mchezo wa kuzima jua ni mzee: tunaukuta kwa Haggard, anautumia kwa Waafrika na mwezi wao, tunaukuta kwa Tintin mbele ya Inka, watu ambao jua ndilo lilikuwa mungu wao na walilichunguza kila siku. Ile hila inafanya kazi kwa sharti moja: mtu uliye mbele yake asiwe ameangalia mbingu hata siku moja.

Lakini Twain hakuishia hapo. Hank anawaletea simu, magazeti, shule, sabuni, na mwishoni waya wa umeme na bunduki za kufyatua mfululizo. Mashujaa 25 000 wanakufa, na Hank na vijana wake wanafungwa ndani ya ukuta wa maiti waliowaua wenyewe, hewa inawaua. Aliyekuja kuwastaarabisha amejifungia na harufu ya kazi yake. Hapo mantiki inarudi, na inarudi kwa sababu kwa mara ya kwanza wale watu wamemkataa. Wana nia yao.

Na mukubwa aliyesema tusipime zamani na mita ya leo, nimwombe aangalie jambo moja. Mwaka 1905, huyuhuyu Twain aliandika kijitabu cha kumshtaki Leopold II juu ya Kongo. Na huyuhuyu Wells, mwaka 1898, miaka mitatu tu baada ya mashini yake, alianza La Guerre des mondes kwa kuwakumbusha Waingereza kwamba kabla ya kulaani watu wa Mars, wakumbuke namna Wazungu walivyowamaliza watu wa Tasmania. Maana yake mita ilikuwepo. Haikuletwa na sisi. Walikuwa nayo mfukoni, siku zingine waliitoa, siku zingine waliiacha.

Babu asiye na jina, na babu mwenye jina

Kuko fumbo moja ambalo wote mnalijua: ukirudi zamani ukaua babu yako kabla hajazaa, utazaliwa namna gani ili uende kumuua? Katika Kifaransa aliyelipa sura yake ni René Barjavel, katika Le Voyageur imprudent, mwaka 1944. Saint-Menoux anakwenda Toulon mwaka 1793 kumuua Bonaparte kijana. Askari mmoja anaingia katikati, risasi inampata yeye, na askari ni babu yake Saint-Menoux. Basi yupo na hayupo, na kizungumkuti hakiishi.

Ni fumbo la ufundi mkubwa. Lakini yule babu ni nani? Alipenda nini? Hatujui. Ni mwili wa kusimamisha risasi. Ndiyo maana ukimaliza kitabu unabaki unazungusha fumbo kichwani kama hesabu, moyo wako haujaguswa.

Sasa soma Octavia Butler, Mmarekani mweusi. Kitabu chake cha 1979 kinaitwa Kindred. Kwa Kifaransa Liens de sang. Dana, mwanamke mweusi wa California, siku anapotimiza miaka 26, mwezi Juni 1976, anavutwa ghafula mpaka Maryland ya utumwa, mwanzoni mwa karne ya 19. Mtoto mzungu anazama mtoni, Dana anamwokoa. Kila mara yule mtoto, Rufus, akiwa karibu kufa, Dana anavutwa tena. Na anagundua kwamba Rufus, mtoto wa mwenye watumwa, ni babu wa babu zake. Kuna mwanamke mweusi, Alice, aliyezaliwa huru. Kutoka kwa Rufus na Alice ndipo ukoo wa Dana utatoka, na Alice hamtaki Rufus.

Mashini haiko. Butler haelezi kitu, hakuna waya wala kibao chenye tarehe. Kwa mwenye kutafuta mantiki ya ufundi, hiki ndicho kitabu chenye tundu kubwa kuliko vyote. Lakini jaribu kukitoboa uone. Kila mtu mule ndani anafanya kitu ambacho mtu wa mahali pale angefanya. Rufus si shetani. Ni mtoto unayemwona akikua na kuharibika, kwa sababu kila kitu kinachomzunguka kinamfundisha kwamba watu ni mali. Dana anajua historia, amesoma vitabu, lakini elimu yake haimwokoi na fimbo. Watumwa anaowakuta wanamzidi akili ya mahali pale, wao ndio wanamfundisha namna ya kuishi. Na lile fumbo la babu halichezewi tena: ili yeye azaliwe, Dana anatakiwa kumlinda mtu anayemtesa mwanamke mwingine. Anamlinda. Anajichukia. Mwishoni anamuua, lakini tayari mtoto aliyetakiwa amezaliwa, na yeye anarudi 1976 bila mkono wake wa kushoto.

Angalieni vile mwandishi alivyoanza na watu, mantiki ikafuata yenyewe.

Na sisi je?

Tusijifanye kwamba hii ni shida ya Wazungu peke yao. Nani kati yetu hakuwahi kuota kwamba angepata ile mashini, angerudi Januari 1961 kumwokoa Lumumba? Vijana wetu wanaoandika wananionyesha hadithi kama ile mara kwa mara. Kijana wa leo anafika na simu mkononi, anawaambia watu wa 1960 kitu cha kufanya, wanamshangaa, wanamtii, Kongo inaokoka.

Nawaambia: soma vizuri. Lumumba alitoka Léopoldville tarehe 27 Novemba 1960 akielekea Stanleyville, akakamatwa mwanzoni mwa Desemba huko Sankuru. Alijua hatari kuliko wewe. Njiani watu walimzuia ili aongee nao, na aliongea. Wengi wanaosimulia wanasema aliisha kuvuka mto, akarudi kwa sababu ya mke na mtoto waliobaki ng'ambo. Sasa kijana wako wa simu atafika pale ukingoni na kumwambia nini? Usirudi? Hadithi inaanzia hapo. Kama Lumumba wako anasema "asante, kijana" na kuendelea na njia, umeandika Eloi. Hukuandika Lumumba.

Ni vilevile tunapoongea juu ya babu zetu. Tunasema walikubali mkoloni juu hawakujua kitu, walibeba mizigo juu hawakusoma. Ile ndiyo dharau ya msafiri wa wakati, tena hatukupanda mashini yoyote ili tuifikie. Kuzaliwa baada yao tu kulitosha.

Basi jibu langu kwa wawili wetu. Mukubwa, hatupimi zamani na mita ya leo. Tunawapima na mita yao wenyewe, na tunaona mahali walipoiacha. Na wewe mdogo wetu, endelea kuisomesha ile buku ya Wells, usiiondoe. Ile sehemu ya mtu wa Afrika ya Kati usiiruke, isomeni kwa sauti mpaka mwisho wake. Halafu wape wanafunzi kazi ya nyumbani, ukurasa mmoja tu: wakati Msafiri anawaza kwamba Morlock ni wanyama, nani alikuwa anapaka mafuta mashini yake, na angesema nini kama angeulizwa?

Zile kopi ukizisahihisha, utuletee mbili tatu kwenye mkutano ujao. Nina hamu ya kuzisoma.